Kamera ilale nje, betri zilale kwapani

Ukipanda Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro, kupiga picha, halafu mtu akakwambia uifiche kamera ndani ya jaketi usiku wa kileleni isije ikapigwa na baridi, kataa. Mimi nilikubali. Ushauri huo nilipewa na watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na uliniharibia safari niliyoiwekea akiba karibu miaka miwili.

Nina studio ndogo hapa Moshi: picha za pasipoti, harusi, kipaimara. Mlima nauona asubuhi nikifungua mlango, na picha zake za kutoka huku chini ninazo tele. Nilichotaka ni barafu yenyewe, nimpelekee bibi yangu wa Kilema. Amelima chini ya mlima huo maisha yake yote na hajafika hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapandaji.

Mara ya kwanza nilipita njia ya Marangu. Vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, kote salama. Saa tano na nusu usiku tukatoka kituo cha Kibo, mita 4,720, kamera nimeifunga kifuani chini ya majaketi mawili. Ile changarawe unapanda hatua moja inakurudisha nusu, na kwa kupanda kule nilitoka jasho pamoja na baridi yote. Tulipofika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, mita 5,685, mbingu nyuma ya Mawenzi, kile kilele kingine cha mashariki, ilishaanza kuiva. Nikachomoa kamera. Lenzi ikawa nyeupe palepale kwa mvuke wa jasho langu. Nikaifuta kwa glovu. Unyevu ukaganda, ukabaki utando wenye michirizi. Nikaipulizia pumzi ili iyeyuke, na pumzi nayo ikaganda juu yake. Nikaisugua kwa kona ya shati, vidole vimekufa ganzi, huku jua linatoka, linapanda, linamalizana na Mawenzi mbele ya macho yangu. Nilichorudi nacho ni doa la rangi ya chungwa ndani ya maziwa. Nililia kule juu, na mwongozaji wangu akanishika bega tu, hakusema kitu.

Fundi mmoja wa kamera wa Arusha ndiye aliyenifumbua macho. Kamera iache kwenye begi lake, ipoe taratibu pamoja na hewa ya nje. Kinachohitaji joto la mwili wako ni betri.

Basi Agosti iliyofuata nikarudi. Kabla ya safari nilipita mitumba ya Memorial nikanunua soksi za sufu za mtoto, elfu mbili hivi, nikazishonea ndani ya fulana, moja kila kwapa. Betri tatu zikalala humo tangu Horombo. Pale Gilman's betri iliyokuwa kwenye kamera ilizima baada ya picha chache, inaonyesha imekwisha kabisa. Nikaweka nyingine, ile iliyozima nikairudisha kwapani. Tulipokaribia Stella Point, mbele zaidi kwenye ukingo huo wa kreta, nikaijaribu tena: ikawaka, ikanipa picha arobaini na kitu! Kwa hiyo usiitupe mkobani betri iliyozima kule juu, ipashe moto kwanza.

Chupa ya maji nayo igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo utabaki wazi. Wenye mipira ya kunyonyea maji, ya kwao iliganda kabla hatujafika pango la Hans Meyer.

Jua lilipotoka safari hii nilikuwa nimeshatega stendi. Picha za mwanzo theluji ilitoka rangi ya majivu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza. Nikapandisha ule mshale wa kujumlisha na kutoa mwanga hadi +1, theluji ikarudi kuwa theluji. Kileleni Uhuru tulifika, mita 5,895, lakini picha zangu nzuri ni za njiani, barafu ya upande wa kusini ikiwa na mwanga wa asubuhi ubavuni. Ukikaa nayo karibu, ile barafu si nyeupe. Nyufa zake ni za bluu.

Tuliporudi kituo cha Kibo, kabla ya kuingia ndani niliitia kamera kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga kwa fundo, na sikuufungua mpaka kamera ilipozoea joto la humo. Unyevu ulibaki nje ya nailoni.

Gharama? Milioni na ushee kila safari, mwongozaji na wapagazi wakiwemo, na kiingilio chetu Watanzania ni nafuu mno kuliko cha wageni.

Picha niliisafisha kubwa, nikaipeleka Kilema Jumapili. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani.

"Kumbe ni ukuta, mjukuu wangu! Mimi siku zote najua ni kama unga uliomwagika."

Kisha akamwona mwongozaji wetu pembeni ya picha, mdogo kama punje ya ulezi, akaweka ukucha juu yake, akaanza kupima kwa vidole kwenda juu.