Swali la Machi 1942

Msimu wa Bunge la Bajeti, sisi tunaoandika Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, hapa Dodoma hatujui jioni inaingia saa ngapi. Unavaa hedifoni, unasikiliza vipande vya sauti vya dakika chache chache, unaandika kila alichosema Mheshimiwa, unaweka (Makofi) palipopigwa makofi na (Kicheko) palipochekwa, kisha unapeleka kwa mhariri. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita. Nikiulizwa Bunge linafanya nini, huwa nasema linauliza. Maji ya kijiji fulani yatatoka lini? Daraja lile litakwisha lini? Wakulima waliouza mahindi kwa mkopo watalipwa lini? Hotuba kubwa zinakumbukwa, lakini kurasa nyingi ninazoandika ni za maswali na majibu.

Mwaka juzi nilianza kusoma Hansard za Uingereza za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ziko mtandaoni, siku kwa siku, kila mtu anaweza kuzifungua. Nilitaka kuona wenzangu wa kule waliandikaje huku mabomu yanaanguka. Nilidhani nitakuta vita kila ukurasa. Nikakuta sabuni, mayai, posho za wake za askari, nauli za wafanyakazi wa viwandani, na mbunge anayetaka kujua kwa nini barua ya mjane mmoja imekaa wizarani muda mrefu bila kujibiwa. Nilijiona niko ofisini kwangu.

Nieleze kidogo walivyokuwa wakikaa. Kabla ya vita, Baraza la Makabwela (House of Commons), lile la wabunge wa kuchaguliwa, lilianza kikao alasiri na kuendelea hadi usiku. Ndege za Wajerumani zilipoanza kuja London usiku baada ya usiku mwaka 1940, vikao vikasogezwa vikaanza saa tano asubuhi, ili watu waondoke kabla giza halijaingia. Tarehe ya kikao kinachofuata haikutangazwa tena magazetini. Tangu Novemba 1940 kuna vipindi walihamia Church House, jengo la ofisi za Kanisa la Uingereza lililo hatua chache kutoka Westminster, jumba la Bunge lao, na gazeti halikuruhusiwa kuandika kwamba wako huko.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 10 Mei 1941, Jumamosi. Mabomu ya moto yaliangukia ukumbi wa Makabwela, na upande wa pili paa la Westminster Hall, ukumbi wa kale wa jumba hilohilo, nalo likashika moto. Hilo ni paa la mbao la karne ya 14. Maji ya kuzimia pande zote mbili hayakutosha. Mbunge mmoja, Walter Elliot, alikuwepo usiku ule, akawaambia wazimamoto waokoe paa la kale. Ukumbi wa Bunge unaweza kujengwa upya. Inasimuliwa kwamba alishika shoka mwenyewe kusaidia kuvunja mlango ili mipira ya maji iingie. Asubuhi ukumbi wa Makabwela ulikuwa kuta nyeusi na chuma kilichopinda.

Jumanne, tarehe 13, walikaa. Nimeusoma ukurasa wa siku ile nikitafuta kilio, sikukipata. Dua imesomwa, maswali yameitwa kwa namba, mawaziri wamejibu. Mwezi uliofuata Malodi, watu wa baraza la juu, wakawaachia wenzao ukumbi wao, wao wakahamia chumba ambacho mfalme huvalia joho lake, na Makabwela wakakaa ukumbi huo wa kuazima hadi mwaka 1950. Mimi najua ukumbi ukibadilika kazi inavyokuwa: vipaza sauti haviko ulipovizoea, hujui nani amekaa wapi, sauti moja inaingia juu ya nyingine. Wale waandishi hawakuwa na hata mashine ya kurekodi. Walikuwa na kalamu na hati mkato, wakiachiana zamu, na nyumbani kwa kila mmoja wao huenda usiku uliopita hakukulalika.

Kitu kimoja kiliniuma kama mwandishi. Kulikuwa na vikao vya siri, cha kwanza tarehe 13 Desemba 1939. Wageni wanatolewa, waandishi wa magazeti wanatolewa, na sisi watu wa Hansard tunatolewa. Ukurasa unafika mahali unakatika. Ninaelewa sababu, adui alikuwa ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari. Lakini nilipofika kwenye pengo la kwanza nilisimamisha kusoma, nikaenda kuchota maji ya kunywa, nikarudi nikaliangalia tena.

Bunge lile lilichaguliwa Novemba 1935 na lilipaswa kukaa miaka mitano. Kuanzia 1940 lilijiongezea muda mwaka mmoja mmoja kwa sheria, na uchaguzi mkuu haukufanyika mpaka Julai 1945. Vyama vikubwa vitatu vilikubaliana visishindane katika chaguzi ndogo. Kwa hiyo serikali ilikuwa na karibu kila mtu upande wake. Ingekuwa rahisi kwa wabunge kukaa kimya kwa miaka mitano na kuita kimya hicho uzalendo. Hawakukaa kimya. Mei 1940, baada ya jeshi kushindwa Norway, kura ilipigwa ikawa 281 kwa 200. Serikali ilishinda, ila wingi wake wa zaidi ya 200 ulishuka hadi 81, na siku mbili baadaye Waziri Mkuu Chamberlain akaondoka, Churchill akaingia.

Machi 1944, wakati majeshi yanajiandaa kuvuka kwenda Ufaransa, walikuwa wanajadili muswada wa elimu, kifungu kwa kifungu. Mbunge Thelma Cazalet-Keir akaleta marekebisho: walimu wanawake walipwe sawa na wanaume. Ndugu yake Victor, mbunge naye, alikuwa amekufa Julai iliyotangulia katika ajali ya ndege pale Gibraltar. Kura: 117 kwa 116. Serikali ya Churchill ikashindwa kwa kura moja, juu ya mshahara wa mwalimu wa kike. Churchill akakasirika, akaifanya kura ya imani, na siku mbili baadaye marekebisho yakafutwa kwa 425 kwa 23. Alikosea, nasema hivyo mimi niliyelelewa na mama mwalimu. Lakini ile kura ya 117 iko pale imeandikwa, na hakuna aliyeifuta kitabuni.

Kuna pia mbunge aliyeitwa Archibald Ramsay, mtu mwenye chuki kubwa kwa Wayahudi, aliyewekwa kizuizini bila kesi Mei 1940 chini ya Kanuni ya 18B ya wakati wa vita. Simpendi hata kidogo. Hata hivyo aliendelea kuwa mbunge, akawa anatuma maswali ya maandishi kutoka gereza la Brixton, na maswali yakapokelewa. Nilijiuliza yule karani aliyepokea bahasha alifikiri nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Nikiwa nasoma mwaka 1942, bila kutafuta, niliona neno Kenya. Ilikuwa Machi. Mbunge wa chama cha Labour, Arthur Creech Jones, alikuwa anaibana serikali kuhusu Waafrika wanaokamatwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya watu binafsi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu akilazimishwa kupigana ni jambo moja, akilazimishwa kumfanyia kazi mwenye shamba anayeuza mazao kwa faida yake ni jambo jingine. Aliyesimama upande wa serikali ni Harold Macmillan, wakati huo naibu waziri wa Makoloni. Jibu lilikuwa vita. Wajapani walikuwa wameshaichukua Malaya, wanaishika Java, na Ufilipino ilikuwa inaanguka. Kamba za meli zilitoka huko. Sasa zitoke wapi? Afrika Mashariki, kwenye mkonge.

Niliisoma saa nane usiku, na nikamwona babu.

Babu yangu mzaa baba alichukuliwa kutoka kijijini upande wa Mpwapwa mwaka ambao wazee wanauhesabu kuwa 1944. Tarishi wa jumbe walikuja alfajiri na orodha. Walitembezwa hadi stesheni ya Gulwe, wakapandishwa treni hadi Kimamba, kwenye mkonge. Alikata mkonge karibu mwaka mzima. Jani la mkonge lina mwiba nchani mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na mmoja wa miiba hiyo ulimpata jicho la kushoto. Sisi wajukuu tulimjua na jicho moja. Tukimuuliza alikuwa anasema "vita ya Mjerumani," nasi tukadhani alikuwa keya, askari wa jeshi la mkoloni (KAR), kumbe hakushika bunduki hata siku moja. Alishika panga.

Na Tanganyika ile nani angeuliza kwa niaba yake? Kulikuwa na Baraza la Kutunga Sheria pale Dar es Salaam, lakini Mwafrika wa kwanza hakuingia mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia. Kenya walimpata Eliud Mathu mwaka 1944. Kwa hiyo mwaka 1942 mahali pekee nilipokuta mtu alisimama, akatajwa jina, akauliza swali juu ya watu kama babu, na mwandishi akalishika likaingia kitabuni, ni ndani ya ukumbi wa kuazima katika mji uliokuwa umepigwa mabomu. Swali halikumrudisha mtu nyumbani. Watu waliendelea kukusanywa mpaka vita inakwisha, na babu alichukuliwa baada ya swali lile, siyo kabla. Hilo linanichoma mpaka leo. Mawaziri walijua. Waliulizwa wazi, wakajibu, na orodha zikaendelea kuandikwa.

Krismasi nilikwenda kijijini kwa shangazi, binti wa babu anayefuatana na baba. Nilikuwa nimetafsiri kurasa mbili kwa mkono, nikamsomea jikoni akiwa anapepeta uwele. Alisikiliza bila kusimamisha ungo.

"Huyo mzungu alimjua baba?"

"Hapana, shangazi."

"Alifika Kimamba?"

"Sidhani."

Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akarudi na bati la majani ya chai lililopauka. Ndani kulikuwa na risiti za kodi, picha moja iliyoliwa na unyevu, na kipande. Nilikuwa nimesikia habari za kipande maisha yangu yote, sikuwahi kukishika. Ni kadi ngumu, imechorwa miraba ya siku, na kila mraba una alama ya penseli ya nyapara. Siku asiyokata mafungu ya kutosha mraba umeachwa mtupu. Nilihesabu mitupu saba, mitano kati yake imefuatana. Shangazi akaniambia hizo ni siku za jicho.

Nikataka kuendelea kumsomea, nikaanza jibu la Macmillan. Akaninyooshea kiganja.

"Jibu liache. Rudia swali."

Nikarudia.