Ba, be, bi

Mwaka 2020, madrasa zilipofungwa kwa ajili ya korona, niliamua kuwasomesha wanangu mwenyewe nyumbani. Binti yangu alikuwa na miaka sita, na herufi zote 28 za Kiarabu alikwisha kuzijua. Mdogo wake wa miaka minne alikaa kando yetu na penseli, akitia nukta popote alipoona nafasi. Mimi nilisoma utotoni kwa kuimba, alifu fataha a, alifu kasra i, alifu dhumma u, sauti za watoto wengi zikibebana na aliyepotea akibebwa na wenzake. Nikadhani kusomesha ni kuurudia wimbo ule mbele ya watoto wawili.

Fataha, kile kistari cha juu ya herufi kinachoipa sauti ya a, ilikwenda vizuri mno. Ba, ta, tha, ja. Hata swadi na twa alizipa uzito wake baada ya siku chache. Tulikaa na fataha wiki mbili nzima, na mpaka leo naona sikukosea. Herufi ikiwa bado inatoa sauti moja tu, mtoto hupata nafasi ya kulitazama umbo lake. Mwanzoni mwa neno, be, te, the, nuni na ye zote ni jino lilelile, na kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu, moja juu, mbili chini. Kwa jicho la miaka sita hiyo ni kazi, na alikuwa akiifanya kwa furaha.

Kasra ndiyo iliyotugombanisha. Nilimwonyesha kile kistari kinachokaa chini ya herufi na kuipa sauti ya i, nikamsomea bi, ti, thi, naye akafuatisha. Kesho yake nikamwambia asome peke yake.

“Be, te, the,” akasoma.

Nikajua palipoharibika, au nilidhani najua: amerudi kwenye majina ya herufi. Nikamwambia, “Mwanangu, sitaki jina, nataka sauti.” Akaniangalia, akashusha kidole kwenye mstari, akaanza upya. Be, te, the, je.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Herufi ile haiitwi je, inaitwa jimu. Mtoto anayetaja majina angesema jimu. Alipofika kwenye dali akasema de, na bado sikusikia kitu. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu, kwa hiyo nilisikia kile tu nilichokitarajia.

Tukavuka kwenda kwenye dhumma, alama ya u, kwa kuwa nilichoka, si kwa kuwa kasra ilikuwa imeeleweka. Nikasoma bu, tu, thu, akafuatisha kama kawaida. Alipoachwa peke yake akasoma bi, ti, thi, ji. Nikajiambia sasa ndiyo kasra imemwingia, somo la wiki iliyopita limemkaa wakati tumeshalipita. Nikamrudisha nyuma. Kwenye kasra akasema be. Nikampeleka mbele. Kwenye dhumma akasema bi. Siku nne tulikwenda hivyo, na kila siku alikuja kukaa mkekani polepole kuliko jana.

Siku ya tano niliandika neno moja tu kwa herufi kubwa: كُتِبَ. Nililichagua kwa kuwa lina irabu zote tatu, dhumma, kasra, fataha, kutiba, yaani kimeandikwa.

“Kiteba,” akasoma.

“Soma tena.”

“Kiteba.”

Nilipandisha sauti. Sikumpiga, lakini nilimwambia neno zito, kwamba hataki kusoma. Machozi yakamtoka kimyakimya, na kidole chake hakikuondoka kwenye karatasi. Akasema, “Mama, mbona ndivyo ilivyoandikwa?”

Ni kile kidole kilichonizindua. Mtoto asiyetaka kusoma haoneshi mahali. Nikashusha pumzi, nikamuuliza alama ile ya juu ya kafu, herufi ya kwanza ya neno, ni nini.

“Ni ya tatu.”

“Ya tatu ya nini, mwanangu?”

“A, e, i.” Akajifuta uso kwa mkono wa nguo. “Mama, o na u tutasoma lini?”

Nilibaki kimya. Shuleni alikuwa amesomeshwa a, e, i, o, u, na ba, be, bi, bo, bu. Mimi nilimletea alama moja baada ya nyingine, naye akazipanga kwenye safu aliyokwisha kuijua: ya kwanza a, ya pili e, ya tatu i. Alipofuatisha alinifuata mimi. Alipoachwa peke yake alifuata mpango wake. Kwa wiki zile zote hakuwa amekosea hata mara moja ndani ya mpango huo. Alikuwa akisubiri alama mbili zilizobaki, na mimi nilikuwa nikimgombeza kwa kusoma sawasawa.

Nilimwomba radhi, pale pale, mdogo wake akisikia.

Kisha nikaufunga ule wimbo wangu, nikachukua kioo cha mkononi. Fataha katika Kiarabu inatokana na kufungua, kitenzi kilekile tunachokikuta ndani ya jina la Fatiha. Kasra ni kuvunja. Dhumma ni kukusanya. Walioyaweka majina haya walikuwa wakiuangalia mdomo. Nikampa kioo: fungua, ba. Shusha taya kidogo na utandaze midomo kama anayetabasamu, bi. Kusanya midomo iwe duara, bu. Alijitazama, akacheka, akarudia. Nikamwonyesha kwamba dhumma yenyewe ni wau, ile herufi ya w, iliyofanywa ndogo na kupandishwa juu ya herufi, na wau tukiitamka midomo hukusanyika vilevile. Hilo lilimpendeza kuliko yote. Akarudi kwenye neno letu, akalisoma huku akijitazama: ku, ti, ba.

“Kwa hiyo e haipo?”

“Kwenye irabu hizi haipo. Wala o.”

“Sasa Kiswahili wanakiandikaje?”

Nikamwambia kwamba wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizihizi kwa karne nyingi, na mara nyingi kasra moja ilibeba i na e, dhumma moja ikabeba u na o, msomaji akachagua mwenyewe kwa kulijua neno. Hakuridhika. Alisema wangeweza kutengeneza nyingine. Akachukua penseli kwa mdogo wake, akachora chini ya be kistari chenye mkia uliopinda, akasema hiyo ni e. Juu yake akaweka wau mbili ndogo zilizoshikana: o. Akaniangalia kuona kama nitakataa.

Sikukataa. Tuliandika bega, tukaandika soko, tukaandika jina la mdogo wake, ambalo bila e haliandikiki vizuri. Karatasi ile ninayo.

Asubuhi iliyofuata niliwakuta wote wawili mkekani kabla sijawaita. Kioo kilikuwa mbele ya uso wa mdogo, na dada yake amemshika kidevu kwa vidole viwili.

“Usiseme kwanza,” alikuwa akimwambia. “Kusanya midomo. Haya, sasa sema.”