Bata bukini na taa: ukizidisha masaa unamfungia msimu

Watu wengi waliozoea kuku wa mayai wakianza kufuga bukini wanakuja na hesabu ile ile, funga balbu, ongeza masaa ya mwanga, mayai yatajaa. Kwa kuku inakubali, masaa 16 anataga tu. Bukini ukimpa hayo masaa ataanza mapema kweli na utafurahi, ila baada ya muda si mrefu anakata kutaga, manyoya yanaanza kupukutika, na hapo hata ukiweka taa za uwanja wa mpira hupati kitu.

Kinachomfanya aanze ndo hicho hicho kinachomsimamisha. Hii watu hawaiamini mpaka uwaeleze homoni zinavyokwenda.

Ndege hategemei macho kujua siku imerefuka. Mwanga unapenya fuvu mpaka ndani ya ubongo, kwenye haipothalamasi (sehemu ndogo inayoongoza homoni), huko kuna seli zinazouhisi zenyewe. Miaka ya 1930 Mfaransa Jacques Benoit alionyesha kwamba hata bata asiyeona, ukimpa mwanga korodani zake zinakua! Mwanga mwekundu unapenya mfupa na nyama vizuri kuliko wa bluu, kwa hiyo rangi ya balbu nayo ina maana yake.

Basi siku zikirefuka, sehemu ya chini ya ubongo inatoa homoni ya TSH, hii tumezoea kuisikia kwenye mambo ya thairoidi, ila hapa inafanya ubongo wenyewe utengeneze T3 (homoni ya thairoidi), T3 inafungulia GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha uzazi, pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) nayo inaachia homoni za uzazi LH na FSH, zinaingia kwenye damu mpaka kwenye ovari ya jike na korodani za dume. Mayai yanaanza. Lakini mwanga huo mrefu ukiendelea, prolaktini, homoni ya kuatamia, nayo inapanda taratibu, jike anataka kuatamia, LH inashuka, ovari inasinyaa, ndege anabadilisha manyoya. Akishafika hapo ubongo umeacha kuitikia siku ndefu kabisa, yaani mpaka umpe wiki kadhaa za siku fupi ndo anarudi kawaida. Kumwongezea mwanga wakati huo ni kuchoma umeme bure.

Na wala si bukini wote wanafuata kalenda moja. Wa asili ya Ulaya wanaanza majira ya baridi yakielekea kuisha, siku zinaporefuka. Wale Magang wa Guangdong, kusini mwa China, wako kinyume kabisa, wanaanza siku zikifupika, kama mwezi wa saba au wa nane, halafu wanaacha siku zikirefuka. Huko wafugaji wanawapa mwanga wa masaa 18 wakati wa baridi ili waache kutaga, kisha wanawashusha mpaka kama 11 ili watage msimu ambao wengine hawana mayai. Ujanja huo naukubali sana.

Kwa hawa wa Ulaya mi ningebaki masaa 10 hadi 12 ya mwanga, na banda liwe giza kweli kweli muda wa giza, maana jua likipenyeza alfajiri na jioni taima yako haina kazi. Dume naye usimsahau, korodani zinachukua wiki kadhaa kukua, kwa hiyo yale mayai ya mwanzo kula tu, mengi hayana mbegu.