Mbu hawajui kafyu: Jumatatu yangu moja maabarani

Nairobi, Jumatatu, 27 Aprili 2020

Saa kumi na moja alfajiri

Kafyu imeisha, nami nimeamka. Kitu cha kwanza kutafuta siku hizi si simu bali barua: karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki, yenye muhuri wa idara na sahihi mbili, inayosema kwamba mimi ni "mtafiti wa huduma muhimu". Nilipomsomea mama kwa simu alicheka hadi akakohoa, kisha akaapa ni chai tu iliyompalia. "Yaani kulisha mbu ndiyo huduma muhimu?"

Ndiyo, mama. Kwa sasa ndiyo.

Saa kumi na mbili na nusu

Kangemi, stejini. Mtungi wa maji wenye bomba, kipande cha sabuni kilichofungwa ndani ya soksi ili kisiibwe. Matatu ya abiria kumi na wanne inabeba wanane na nauli imepanda kufidia viti vitupu. Makanga ameivuta barakoa kidevuni ili apige kelele vizuri. Hakuna anayeongea ndani, na mtu akipiga chafya sote tunatazama nje.

Saa mbili

Langoni bawabu ananielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, ananiandika kwenye daftari. Mimi ni wa nne leo. Mwaka jana saa kama hizi usingepata pa kupita kwa wanafunzi.

Rais alitoa amri Jumapili, 15 Machi, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini kutangazwa, na kufikia Ijumaa ya tarehe 20 vyuo vyote vilitakiwa viwe vimefungwa. Wiki hiyo tuliletewa fomu. Kila maabara iandike: mlango huu ukifungwa leo, ni kitu gani kitakufa au kupotea na hakiwezi kuanzishwa upya? Hayo tu ndiyo yaendelee, tena kwa zamu, mtu mmoja chumbani. Kazi nyingine zote zisimame.

Swali zuri, ila lina meno. Kijana mmoja wa mwaka wa nne alikuwa na ukuvu wa mahindi kwenye sahani, wiki sita za kazi. Ukuvu unaweza kuoteshwa tena, kwa hiyo haukuingia kwenye fomu. Yeye alikuwa ameshapanda basi kurudi kwao. Mimi ndiye niliyezitia sahani zake kwenye mtungi wa mvuke na kuzichemsha. Nilimpigia picha kila moja kabla, nikamtumia. Alijibu "asante" bila nukta.

Saa tatu hadi saa sita na nusu

Chumba cha mbu. Nyuzi 27, unyevu asilimia 80, taa saa kumi na mbili na giza saa kumi na mbili. Ukiingia miwani inafunga ukungu, na sasa kwa barakoa ndiyo huoni kabisa.

Tuna jamii mbili. Aedes, wale wa homa ya dengi, hawanipi shida. Wanataga kwenye karatasi ya chujio iliyolowa, unaikausha taratibu, unaitia kwenye mfuko na kuufunga. Mayai yatakaa miezi yakisubiri maji. Machi tulikusanya karatasi zao, tukaandika tarehe, tukaacha waliokomaa wamalize umri wao. Kazi imekwisha.

Anopheles gambiae, mbu wa malaria, ndiye aliyeniandikisha kwenye orodha ya watu muhimu. Mayai yake hayavumilii kukauka. Yakitagwa, baada ya siku mbili tatu yanataka kuwa viluwiluwi, viluwiluwi vinataka chakula kila siku, na jike aliyekomaa asipopata damu hatagi. Ukikosa mzunguko mmoja, ukoo uliolelewa miaka mingi umekwisha.

Nilichoruhusiwa ni kupunguza. Vizimba arobaini vimekuwa kumi na viwili. Mwanzoni niliona ni upuuzi wa ofisini; leo naona mtu mmoja hawezi zaidi ya hapo. Nabadilisha pamba za maji ya sukari. Nahamisha pupa, viluwiluwi walio karibu kuwa mbu, kwa mrija, mmoja mmoja, wanajikunja kama alama ya mkato. Damu ya ng'ombe kutoka machinjioni Dagoretti naipasha moto na kuiweka juu ya kizimba, chini yake utando mwembamba unaofanana na ngozi. Majike wanakuja. Ndani ya dakika kumi matumbo yote ni mekundu.

Kilichonipa wasiwasi ni mabeseni ya viluwiluwi. Tunawalisha chakula cha samaki wa mapambo, kilichosagwa. Duka tunalonunua limefungwa tangu mwezi jana na kopo la mwisho linaonyesha chini. Nimegonga kopo, nimekwangua kwa kijiko, nimepata cha siku mbili.

Saa saba

Kilifi. Utafiti wangu wenyewe uko huko, nyumba ishirini zenye mitego ya taa na feni ya kunasia mbu usiku. Fomu iliusimamisha kwa mstari mmoja: hakuna kuingia nyumba za watu. Na sawa kabisa, nani anataka mgeni kutoka Nairobi akaguse ukuta wa chumba chake cha kulala? Halafu serikali ikafunga Nairobi tarehe 6 Aprili na Kilifi, Mombasa na Kwale tarehe 8, na juzi Jumamosi imeongeza siku 21. Hata ningetaka, nisingefika.

Shida ni mvua. Masika yameshuka Pwani, huu ndio msimu wa mbu wangu, na masika hayaahirishwi. Jedwali langu litakuwa na tundu la Aprili hadi nani ajuaye.

Nampigia mama mmoja anayetutunzia mtego.

"Shikamoo mama. Swaumu yaendaje?"

"Marahaba mwanangu. Twashukuru, kiu tu. Mwaja lini?"

"Bado hatujaruhusiwa."

"Na hawa mbu je? Maana wao wameruhusiwa."

Sikuwa na jibu. Alhamisi iliyopita Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake: ugawaji wa vyandarua na upatikanaji wa dawa ukikwama vibaya, vifo vya malaria kusini mwa Sahara vinaweza kufika 769,000 mwaka huu, mara mbili ya mwaka 2018. Nilimwambia walale ndani ya neti, akasema hilo alijua kabla sijazaliwa.

Saa tisa

Kikao cha Zoom. Tumeulizana kama tunasikika.

Saa kumi na moja jioni

Supamaketi. Kumbe biskuti za paka zikisagwa vizuri, viluwiluwi hula. Mwenzangu wa Kisumu ndiye aliyenidokeza. Nimechukua mifuko mitatu kwa pesa zangu. Keshia ameitazama, akanitazama.

"Una paka wangapi, kaka?"

"Ni wageni tu, wataondoka."

Nimepanda matatu ya saa kumi na mbili kasorobo. Saa moja kamili barabara inakuwa ya polisi, na barua yangu haisemi lolote kuhusu usiku.

Saa mbili usiku

Nimesaga biskuti kwenye blenda ya nyumbani. Nitaiosha mara nne.

Ujumbe wa sauti umeingia kutoka Kilifi. Ni yule mama, nyuma yake vikombe vinagongana. Anauliza kama ni vibaya, kwa sababu stima inapotea sana, wameichukua betri ya mtego na kile kitaa chake na kukining'iniza jikoni, wapate kuonana wakati wa daku. Feni wameitoa, inapiga kelele.

Kwenye fomu niliandika: vifaa vyote vya nyanjani vimehifadhiwa, havitumiki.

Nimemjibu: "Itumieni tu, mama. Ila chajini betri isife."