Rubani wetu wa leo Mwanza, Mungu ambariki sana

Jamani leo asubuhi hapa Mwanza ndege ishaanza kukimbia kwenye ranwei, ziwa nalionaa dirishani, mara puu! injini ya kulia inakoroma, mama niliyekaa naye kanikamata mkono anaita Yesu Yesu, na rubani hapohapo kakanyaga breki mpaka tukasimama. Baadaye katuelezea kwa upole kabisa, kuna spidi inaitwa V1, kabla hujaifikia unasimama, ukishaipita unapaa tu hata na injini moja maana ndege ya injini mbili imeundwa iweze, ukilazimisha kusimama hapo ranwei inaweza kukuishia. Yaani uamuzi wote ule ni sekunde tu! Nilimpa mkono nikashindwa hata kusema asante, machozi tu. Saa hizi niko Kirumba kwa dada, Dar kesho.