Siku moja mezani kwa fundi simu

Saa 12:40 asubuhi
Kengele ya simu imelia, nikanyoosha mkono kuizima kama kila siku, kumbe kitufe kimehamishwa. Usiku programu imejisasisha yenyewe, na pale pa kuzima pamekuwa pa kuahirisha. Baada ya dakika 10 imelia tena na mtoto ameamka. Natengeneza simu mwaka wa 11 huu, na jambo hili bado linaniudhi sana. Mkono umeshazoea, halafu mtu usiyemjua anaingia usiku bila hodi na kukupangia upya vitu vyako.

Saa 2 asubuhi
Wa kwanza ni kijana ambaye simu yake haiingizi chaji. Ameshabadilisha chaja mbili, na kuna mtu amemwambia simu imekufa, atafute nyingine. Namulika tundu la chaji. Ndani mmejaa nyuzi za mfukoni, zimeshindiliwa kila alipochomeka waya mpaka zimekuwa ngumu kama zulia. Naizima simu, nachukua kijiti chembamba cha mbao. Situmii sindano hapo hata siku moja, kwa sababu tundu la USB-C lina viunganishi 24 vilivyosongamana, na chuma kikigusa viwili kwa pamoja unaweza kuua kilichokuwa kizima. Nachokonoa polepole, upande mmoja, kisha wa pili. Linatoka bonge la vumbi lenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti.

Nachomeka waya. Unazama hadi mwisho, "tak", na alama ya chaji inawaka. Mlio ule siuchoki.

Na waya wenyewe naupenda. Wakongwe wa kazi hii tunakumbuka droo iliyojaa chaja, kila kampuni na kichwa chake, ukikosa cha kwako umekwama. USB-C ilitoka mwaka 2014, na tangu Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka kila simu mpya inayouzwa kwao iwe na tundu hilo. Leo waya mmoja unachaji simu, spika na vipokea sauti vyangu.

Saa 3:30 hadi karibu saa 6
Betri imevimba. Dada aliyeileta alidhani ni kioo kilichobanduka, kwa sababu kimejiinua upande mmoja na mwanga unapenya. Betri ya lithiamu ikichakaa, au ikikaa kwenye joto kila siku, kemikali za ndani huvunjika na kutoa gesi, na gesi haina pa kwenda. Namwambia asiichaji tena, na akiona hivyo siku nyingine asiibonyeze irudi.

Hapa ndipo kazi yangu inaponiuma. Kubadilisha betri yenyewe ni kuchomoa kiunganishi kimoja na kuchomeka kingine, dakika moja. Lakini kuifikia! Kifuniko cha nyuma ni kioo kilichogundishwa. Nakipasha moto ukingoni, nyuzi joto 70 hivi, nikijua kwamba chini yake kuna kitu kisichotaka moto. Naingiza kadi ya plastiki, nasukuma milimita mbili, napasha tena. Betri nayo imegundishwa. Nadondosha spiriti pembeni, nangoja gundi ilainike, navuta. Nikiikunja sana au nikiitoboa, inaweza kuwaka hapo mezani. Ndoo ya mchanga iko miguuni pangu.

Betri ni kitu kinacholiwa na matumizi, kama tairi. Nyingi hupoteza sehemu ya uwezo wake baada ya kujazwa mara 500 au zaidi, hata uitunze vipi. Anayetengeneza simu analijua hilo tangu mwanzo, na bado anaifungia mahali ambapo mwenye mali hawezi kufika. Nilianza kazi hii wakati kifuniko kinafunguka kwa ukucha. Ulaya imepitisha sheria mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina vighairi vyake. Naisubiri, hata kama itanipunguzia wateja.

Saa 7 mchana
"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Simu yangu imenikana."
Mzee amesahau nywila ya akaunti. Namba za kuthibitisha zinatumwa kwenye laini aliyoacha kuitumia zamani. Tumejaribu njia zote halali, tumeambulia ombi la kusubiri siku kadhaa. Sikuwa na bisibisi ya kumsaidia, na nimesikitika kumwona akiondoka hivyo.

Saa 8 mchana
Mama mshonaji amekuja mbio. Simu imetumbukia kwenye ndoo jana, akaifukia ndani ya mchele usiku kucha. Mchele hautoi maji yaliyokwisha kuingia ndani. Muda huo unaopita ndio kutu inafanya kazi. Ni bora kuizima papo hapo, kutoichaji, na kuifikisha kwa fundi.

"Simu basi tu, fundi. Vipimo vya wateja wangu wote vimo humo."

Watu wengi wanadhani tunatoa tu kumbukumbu na kuisoma pengine. Simu za sasa hufunga data kwa msimbo unaotegemea bodi ileile, kwa hiyo lazima bodi yenyewe ifufuke. Nimeifungua, na kwenye kiunganishi cha betri kuna ukoga wa kijani. Nimesugua kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 99, nikainua vifuniko vya chuma nikasugua chini yake, nikasuuza tena, nikaiacha ikauke. Mita inaonyesha mahali fulani kwenye bodi umeme unavuja. Nimetafuta chini ya hadubini hadi nikakiona: kijidude kidogo kuliko chembe ya chumvi, kimeungua upande mmoja. Nimekitoa. Mita imetulia.

Saa 12:15 jioni
Mama amerudi na daftari. Nimeweka betri nyingine, nikabonyeza. Sekunde kadhaa za giza, halafu imetetemeka mkononi mwangu. Kioo kina doa la maji lakini tachi inasikia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeingiza namba ya siri. Wakati nahamishia picha zake kwenye kompyuta, hakungoja. Amevuta kiti, amefungua daftari, ameanza kunakili kwa kalamu, anasoma kwa sauti huku akiandika: "Kifua 38. Kiuno 31. Mkono, 24 na nusu."