Tani 1 ya cheni bloki

Jumamosi, jioni. Wiki nzima nimekuwa nikiwaza juu ya ile alama ya tani 1 inayogongwa kwenye cheni bloki, kile kifaa cha mnyororo cha kuinulia injini. Kwenye gereji za Grogan au Kariobangi, Nairobi, utasikia ikitajwa kama dhamana ya kazi nzima, kumbe inahusu cheni bloki peke yake. Gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya kuta mbili halina alama yoyote, nalo linabeba injini, cheni bloki na nguvu za anayevuta.

Chini ya kulabu ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Chukua injini ya dizeli ya kilo 500, imefungwa mnyororo pande mbili. Pembe ya juu, pale kwenye kulabu, ikiwa nyuzi 60, kila upande hubeba kama kilo 290. Ukifupisha mnyororo mpaka pembe ifike nyuzi 120, kila upande unabeba kilo 500 kamili, na bolti zinazoshika mnyororo kwenye injini zinavutwa kwa ubavu. Bolti ambayo haikukazwa hadi shingoni hupinda hapo, kisha hukatika. Kwa hiyo mnyororo mrefu kidogo, hata kama dari ni fupi.

Breki ya cheni bloki nayo ina adui wake: oili. Ndani mna sahani za msuguano na gurudumu la meno lenye kimeno kinacholia tik, tik, tik mzigo unapopanda. Fundi akimimina oili humo ili mnyororo uvutike laini, sahani hulowa na injini huanza kuteleza. Oili kidogo ni ya mnyororo wa mzigo tu.

Inua sentimita 5 hivi, kisha acha. Tazama kama injini inashuka yenyewe, kama kulabu imefunguka mdomo, kama kikomeo chake kimefunga. Mnyororo wa mkono, ule unaovutwa, ni wa mtu mmoja. Wakihitajika wawili, ama mzigo umezidi, ama kuna bolti ya maunti, ile inayoshika injini kwenye gari, imesahauliwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vifaa hivi vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Ni sawa kabisa, lakini anayetumwa kupenya chini kushika bolti ya gia boksi ni kijana anayejifunza kazi, na hawezi kumkatalia fundi wake. Mwambieni asubiri mpaka injini ikae juu ya stendi na mnyororo ulegee.